Niliyojifunza kwenye Majokofu ya Watu, Ngamiani

Kila nikisikia kijana anaambiwa "jiajiri", natamani aliyesema naye aulizwe: aanzie kwa nani? Mtaji wa pesa unatajwa sana. Elimu inatajwa sana, na moyo wa kuthubutu ndio usiseme. Asiyetajwa ni mtu wa kumsimamisha kijana mbele ya mteja wake wa kwanza na kusema, "Huyu namjua, mpe kazi." Mimi ni fundi majokofu hapa Tanga, mwanamke, mwenye shahada ya sosholojia ndani ya kabati, na miaka yangu ya kushika bomba za shaba imenionyesha kwamba huyo mtu ndiye anayekosekana kuliko vyote.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Makorora. Nikajisajili kwenye mfumo wa ajira za serikali, nikapakia vyeti, nikaandika barua kwa kila shirika nililosikia lina nafasi. Masharti yalikuwa yaleyale: uzoefu wa miaka mitatu, uzoefu wa miaka mitano. Tulikuwa na kundi letu la WhatsApp, sisi tuliohitimu pamoja. Mwanzoni lilijaa matangazo ya kazi, halafu likajaa maneno ya kupeana pole, halafu watu wakaanza kutoka mmojammoja. Wengine walikwenda Kariakoo kuuza nguo. Wengine walipata mikataba ya kazi za ndani Omani na kuondoka na shahada zao. Sikumwona aliyekuwa mvivu kati yao. Mama hakunisema hata siku moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kusemwa: alinipa nauli bila kuniuliza nakwenda wapi.

Jambo hili si la kwetu peke yetu, na ni vizuri kijana wa Tanga alijue, asije akadhani ana kasoro yeye. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu vijana milioni 64.9 wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa hawana kazi na wanaitafuta mwaka 2023, yaani asilimia 13 ya vijana walio kwenye soko la kazi, na hiyo ilikuwa nafuu kuliko miaka yote 15 ya nyuma. Kijana mmoja kati ya watano duniani hakuwa shuleni, kazini wala kwenye mafunzo. Hispania na Ugiriki, mwaka 2013, zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa kwenye soko la kazi hawakuwa na kazi. China ilitangaza asilimia 21.3 mijini mwezi Juni 2023, kisha ikasimamisha kwa muda kutoa takwimu hizo. Kwetu hesabu inaficha mengi, kwa sababu maskini hawezi kumudu kukaa bila kazi. Kijana anayetembeza mayai ya kuchemsha kutwa nzima juani anahesabiwa kuwa ameajiriwa.

Watu wazima hupenda kuwaambia vijana kwamba zamani mambo yalikuwa na uhakika. Nikisikia hivyo naikumbuka nyumba yetu. Babu mzaa baba aliletwa Tanga kutoka Kigoma kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kuja kukata mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na mengine yakageuka mapori. Miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama fungu moja la kumi la ule wa zamani. Babu akabaki na kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Baba alipata kiwanda, na Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda kwelikweli. Kiwanda kikafungwa mimi nikiwa mdogo. Alichotoka nacho baba ni ufundi wa kuchomelea, alioupata kwa kusimama kando ya mfanyakazi mwenzake aliyemtangulia. Mageti na madirisha aliyotengeneza uani kwetu ndiyo yaliyonisomesha.

Kwa hiyo mjomba aliponiambia, "Mwanangu, njoo ukae na mimi karakana wakati unasubiri hizo barua zako," sikuona kama nashushwa hadhi. Karakana yake iko Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba: chumba kimoja, kibaraza kirefu, na majokofu yamejipanga ukutani milango wazi. Mafundi wenzake waliniangalia kama mgeni aliyepotea njia. Mjomba hakueleza kitu, alinipa msasa.

Kazi iliyonifungua macho ilikuwa friji ndogo ya mlango mmoja ya mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Mota inanguruma, lakini baridi hakuna. Mjomba akaniuliza ninaona nini. Nikashika kondensa, zile bomba za nyuma zinazotoa joto, ilikuwa vuguvugu tu, wakati ilipaswa kuwa ya moto. Akaniambia nimulike tochi ndani ya sehemu ya kugandishia, nisitafute tundu, nitafute mafuta. Ndani ya mfumo gesi hutembea pamoja na mafuta ya mota, kwa hiyo inapovujia huacha alama ya mafuta. Nikaiona, ndogo kama kucha ya mtoto, pembeni ya mkwaruzo wa kisu. Yule mama alikuwa akibandua barafu kwa kisu, kama wanavyofanya nusu ya wateja wetu. Tukajaza naitrojeni kupima, maana oksijeni ikikutana na mafuta yale inalipuka, na kuna mafundi wameumia hivyo. Tukapaka povu la sabuni, likatoa viputo palepale. Tukasugua kwa msasa, tukaziba, tukabadilisha filta, tukavuta hewa yote kwa pampu, ndipo tukaingiza gesi kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko nyuma ya friji. Fundi anayekisia gesi kwa sikio humrudisha mteja kabla ya mwezi kwisha.

Friji ikaganda. Lakini kilichonibadilishia maisha kilikuja pale mama alipofuata friji yake. Mjomba angeweza kupokea pesa na kumaliza. Aliniita nje, akasema, "Bi mkubwa, huyu ni mtoto wa dada yangu. Friji yako kaitengeneza yeye. Ikisumbua usimtafute yeye, nitafute mimi." Kisha akatoa gharama za vifaa, na pesa ya ufundi iliyobaki akaigawa mbele yake, akanipa fungu langu. Halikuwa kubwa. Ila yule mama aliniona nikilipwa, na wiki zilizofuata alinitumia shoga zake, mmoja baada ya mwingine, wakija na kuulizia "yule binti".

Nimefikiri sana kuhusu kitendo kile. Mjomba aliweka jina lake la miaka mingi mahali ambapo mimi sikuwa na jina lolote. Benki hudai dhamana ya namna hiyo kwa hati ya nyumba. Mwajiri anayedai uzoefu wa miaka mitano anatafuta hichohicho, mtu mwingine awe amekwisha kubeba hatari ya kumjaribu kijana kabla yake. Kama kila mmoja anasubiri mwingine abebe, kijana atabeba bahasha yake mpaka ichakae. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nawajua wenzangu wenye akili kunizidi ambao hawakuwa na mjomba.

Kuna jambo jingine nililolikuta ambalo hakuna aliyelipanga. Hapa pwani mwanamke akiwa peke yake nyumbani, mume yuko kazini au baharini, hawezi tu kumkaribisha fundi mwanamume hadi jikoni. Friji inakaa mbovu mpaka mume arudi, na samaki wanaharibika. Mimi nabisha hodi, napiga magoti mbele ya friji, tunazungumza habari za watoto huku nafungua skrubu. Wateja wangu wa Chumbageni, Mabawa hadi Sahare nimewapata kwa njia hiyo. Wasichana wengi hutishwa kwamba ufundi huu ni wa wanaume, kumbe kuna milango ya nyumba inayofunguka kwao tu.

Mjomba alinifunza pia kutotegemea kwamba unachokijua leo kitakutosha uzeeni. Yeye alianza enzi za gesi ya R12. Wanasayansi wakabaini kwamba gesi za jamii ile zinaharibu tabaka la ozoni, nchi zikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa, na Tanzania ikaridhia mkataba huo mwaka 1993. Ikaingia R134a, yenye mafuta yake tofauti. Fundi aliyechanganya na mafuta ya zamani aliua mota za watu. R134a nayo haidhuru ozoni lakini inachangia kupasha dunia joto, na mwaka 2016 mjini Kigali nchi zikakubaliana kuzipunguza gesi za aina hiyo. Sasa friji nyingi mpya zinakuja na R600a, gesi inayowaka. Ukiwasha moto wa kuchomelea wakati bado imo ndani, unaweza kujiunguza. Mzee wa watu, miwani puani, alikaa na kijana aliyetoka mafunzoni akafundishwa upya namna ya kuishughulikia, na alimwita yule kijana "mwalimu" bila kusita. Wanaosema vijana waandaliwe kwa kesho isiyojulikana wangemwangalia yeye. Hakujua gesi gani itakuja. Alijua friji inavyopoa, na alikuwa tayari kuuliza.

Sasa nina kibaraza changu, na nimekuwa nikipokea vijana. Hapa nataka kusema wazi jambo ambalo mafundi wenzangu hawalipendi. Kuna karakana nyingi mjini ambako kijana hupokelewa kwa jina la mwanafunzi, akatumwa maji, chai na vocha mwaka mzima, akafagia, akabeba mitungi, na mwisho wa siku akapewa nauli kama sadaka. Hiyo ni kuchuma nguvu ya mtoto wa mwenzio. Mwezi Juni 2023 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, Geneva, ulipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, yaani kujifunza kazi ukiwa kazini, nalo linataka mambo yaliyo wazi: makubaliano ya maandishi, malipo yanayostahili, saa za kazi zenye mpaka, usalama. Ujerumani wamefanya hivyo kwa muda mrefu. Kijana anasaini mkataba na mwajiri, siku kadhaa za wiki yuko kazini na nyingine yuko shule ya ufundi, analipwa, na anamaliza kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu. Nchi zinazolea vijana kwa namna hiyo, na Uswisi na Austria zimo, kwa kawaida zina vijana wachache wasio na kazi kuliko majirani zao wengi. Gharama ya kumwandaa kijana imegawanywa kati ya shule na mwenye kazi, na mwenye kazi anapata fundi anayemjua.

Kwangu tunaandikiana karatasi moja. Kijana anafanya nini miezi ya mwanzo, fungu lake la pesa ya ufundi ni kiasi gani, siku gani anapumzika, nani anamtibu akiumia. Mzazi anasaini. Tangu wiki ya kwanza anakwenda nami kwa mteja, na mteja anatajiwa jina lake.

Kijana mmoja aliyetokea Sahare, kidato cha nne, alikuja akiwa na simu iliyojaa mikeka ya kubeti. Sikumhubiria. Nilimpa daftari nikamwambia kila friji tunayofungua aiandike: aina, gesi, ugonjwa, tulichofanya, bei. Baada ya muda alianza kuniambia mambo ambayo mimi nilikuwa siyaoni. Kwamba friji zinazokuja kutoka nyumba za karibu na bahari kondensa zake zinaliwa na chumvi chini, kwenye kona, kabla ya kwingine kokote. Kwamba mota nyingi zinaungua mtaa fulani ambako umeme unashuka jioni. Akapendekeza tuwauzie wateja wa mtaa ule vifaa vya kulinda friji kabla hazijaungua, na mpaka leo hiyo ni sehemu nzuri ya kipato chetu. Simu anayo, mikeka sijui, ila ninajua jioni anakuwa wapi: anazungukia friza za wauza samaki wa soko la Deep Sea, wanaomlipa kwa mwezi azikague kabla hazijafa.

Kijana huyo alipotaka cheti tulikwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa vitendo, unaelekezwa pale penye pengo, unapata cheti. Niwaombe vijana mnaojua kazi bila karatasi: utafuteni utaratibu huo. Serikali, nayo, ingeutangaza kwenye vijiwe na karakana, kwa sababu anayeuhitaji zaidi ndiye asiyepita ofisini.

Mikopo ya halmashauri nimeiona kwa karibu. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, na walionufaika nawajua. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na vikundi vilivyokuwa vimejengwa juu ya kuusubiri mkopo tu vilisambaratika kipindi kile. Vilivyobaki ni vya watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja kabla ya fomu. Kwa hiyo kijana akiniuliza kuhusu mkopo namuuliza kwanza: hao wenzako mmewahi kumaliza kazi moja pamoja na kugawana pesa yake bila kugombana?

Halafu kuna bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani. Habari zake zilipoanza, vijana walijaa matumaini, na wapo waliopata. Niliowaona wakichukuliwa haraka walikuwa tayari na mkono wa kazi na karatasi yake: kuchomelea, umeme, mitambo. Kazi za ujenzi zina mwisho wake, na nina furaha kila nikimwona aliyetoka kule na vifaa vyake mwenyewe.

Majuzi tulikutana mafundi majokofu kadhaa kuzungumzia kila mmoja achukue kijana mmoja kwa mkataba. Hatukuafikiana. Fundi mmoja mkubwa, ninayemheshimu, aliniambia, "Dada, ukishamfundisha akafungua mtaa wa pili, wewe utakula nini?" Ni swali la haki, na nilimjibu kwa niliyoyaona. Msimu wa kaskazi, joto likishika mji kuanzia Desemba, narudisha wateja kwa kukosa mikono. Mwanafunzi wangu aliyefungua Pongwe ananiletea mota zinazomshinda, nami nampelekea wateja wa upande wake, tunaagiza gesi kwa pamoja na bei inashuka. Bado hajakubali. Amesema atakuja kuiona karatasi yetu, nami nimemwandalia nakala.

Wakati huohuo kuna binti wa Duga, amemaliza kidato cha nne, amekuja na mama yake. Mama alikagua kibaraza, akakagua mitungi, akauliza kama kweli nitamlipa mwanawe au ni maneno tu. Nikamsomea mkataba mstari kwa mstari, akataka kipengele cha matibabu kiandikwe kwa maneno ya wazi zaidi, tukakiandika upya. Anaanza Jumatatu, na mteja wake wa kwanza, mama wa maziwa hapa jirani, nimekwisha mwambia jina lake.